Mdogo wangu wa Tabata, achana na vibarafu

Kuna mdogo wangu mmoja wa Tabata kaniandikia, ujumbe mrefu kama foleni ya Mbagala jioni, naufupisha: "Braza shikamoo. Nacheza Elite Dangerous, ile gemu ya kurusha meli za anga, kwenye kompyuta, nina meli ya Diamondback Explorer inaruka miaka nuru 38 kwa jampu moja, nimetoka nyumbani wiki mbili sasa naelekea Sagittarius A*, shimo jeusi la katikati ya galaksi. Nacheza kama masaa mawili kila usiku nikitoka job. Kila mfumo wa nyota nikifika naskani kila gimba mpaka liishe maana naogopa kupitwa. Mpaka saivi nimefika kama miaka nuru 3,000 tu, nimechoka, hela siioni, na jina langu la mgunduzi limekaa kwenye vibarafu tupu, zile sayari za barafu. Washkaji wanasema nichague, nisiskani kila kitu. Sasa nachaguaje wakati sijui kilichopo mpaka niskani? Na nikirukaruka si nitaacha vitu vya maana?"

Marahaba mdogo wangu. Tupige hesabu ya dukani kwanza kabla hatujaenda kwenye nyota. Wiki mbili kwa masaa mawili kila usiku ni masaa 28. Miaka nuru 3,000 kwa meli inayoruka 38 ni jampu kama 80. Ukigawanya unakuta kila mfumo mmoja unakula dakika 21. Toka kwenye Jua letu mpaka Sagittarius A* ni kama miaka nuru 25,900, kwa hiyo umebakiza 22,900, jampu 600 na ushee, na ruti hainyooki kama rula basi weka 650. Kwa mwendo wako huo ni usiku mia moja na kitu, miezi minne mbele, na hapo sijaweka siku ya harusi, siku ya msiba, siku ya Simba na Yanga wala siku umeme umekatika. Hufiki. Sikukatishi tamaa, mi mwenyewe safari ya kwanza mwaka 2016 niliishia njiani kwa ugonjwa huo huo.

Na zamani ilikuwa mbaya zaidi, we shukuru. Kabla ya ile apudeti kubwa ya Desemba 2018 hamna hii skana ya FSS unayotumia leo, ukitaka kujua sayari ni ya aina gani unaifuata mwenyewe mpaka karibu, moja baada ya nyingine. Kuchagua ilikuwa lazima, hakuna mtu alikuwa na umri wa kumaliza kila kitu. Ilipokuja FSS ukawa unakaa sehemu moja unazungusha tu lenzi, watu wakaona sasa inawezekana kumaliza mfumo mzima, na hapo ndo ugonjwa wako ulipozaliwa. Urahisi ule ukageuka mzigo.

Sasa swali lako lenyewe, nachaguaje na sijui kilichopo. Umeshawahi kwenda Karume asubuhi balo la mitumba linafunguliwa? Angalia wazoefu wanavyofanya. Hajaribu kila shati. Anapitisha mkono juu juu, kitambaa kinamwambia, anavuta mawili matatu anasimama pembeni, we unabaki umeinama unakagua soksi. Ila kitu ambacho watu hawakioni ni kwamba yule jamaa alianza kuchagua kabla balo halijakatwa kamba, alishajua balo la aina gani lina nini ndani na akasimama kwenye hilo hilo. Gemu nayo iko hivyo hivyo. Inakwambia mambo mengi sana kabla hujajampu, na we hayo huyaangalii, unaanza kufikiria ukishafika.

La kwanza kabisa ni rangi ya nyota. Nyota zimepangwa kwa herufi, toka yenye joto kali mpaka iliyopoa: O, B, A, F, G, K, M. Wanasayansi wa nyota wa kweli ndo wanavyozipanga, gemu imechukua kwao, na Jua letu liko G. Mi nilishindwa kukariri mpaka nikatunga: Oya Baba Asha, Funga Goli Kwa Mguu. Hizo saba ndo unazoweza kuchota mafuta kwa skupu, kile kifaa cha kuchotea cha meli, nyingine zote (vibete kahawia L, T na Y, nyota za nyutroni, vibete vyeupe, Wolf-Rayet) hazina mafuta, na ukijikuta tenki tupu mbele ya kibete kahawia utaanza kuita watu wa kukuokoa. Hilo najua unalijua maana umefika 3,000 mzima. Usilolijua labda ni kwamba ile ile herufi inakwambia pia kuna nini kwenye balo. Sayari unazozitaka, zile zenye maji na zile zinazofaa kutengenezwa mpaka watu wakaishi, zinapatikana zaidi kwenye F, G na K, na A nazo kidogo. Kwangu mi F inalipa kuliko zote. O na B ni za kupiga picha, zinang'aa vizuri lakini mara nyingi nazikuta tupu au zimejaa takataka. M ndo zimejaa galaksi nzima kama bajaji, hapo unaweza kupiga jampu kumi usipate kitu cha kusimulia.

Kwa hiyo fungua ramani ya galaksi, nenda kwenye filta ya aina ya nyota, toa M na hivyo vibete vyote, bakiza A F G K, halafu, na hapa watu wengi wanasahau, weka tiki ya kuifanya ruti nayo ifuate hiyo filta. Usipoweka hiyo tiki filta inabaki pambo la ramani tu, meli inakupitisha kokote. Meli ya 38 itapata shida kidogo sehemu nyota zilipo mbalimbali, ila kadri unavyoelekea katikati ya galaksi nyota zinasongamana na utashangaa, hata ukibakiza F peke yake ruti inapatikana bila shida.

La pili ni jina la mfumo. We unaona jina kama Eol Prou RS-T d3-94 unadhani ni namba ya gari. Hapana. Angalia ile herufi ndogo kabla ya namba, hiyo d. Gemu imeikata galaksi vipande vya maboksi, na herufi inakwambia boksi ni kubwa kiasi gani na mfumo una uzito gani: a ni boksi la miaka nuru 10 kila upande, b ni 20, c ni 40, d ni 80, inaenda ikizidishwa mara mbili mpaka h ambayo ni 1,280. Herufi za mwanzo ni vinyota vidogo vyepesi, herufi za mwisho ndo wazito, mashimo meusi na O kubwa. Wanaotafuta sayari nzuri wanakaa kwenye c na d, hasa d, kwa sababu F na A nyingi ziko humo. Na huo mfumo niliokutajia sio wa kubuni, ndo jina la asili la Colonia, pale ambapo kituo cha Jaques kiliibukia mwaka 2016 kikijaribu kuruka kwenda Beagle Point, upande wa mbali wa galaksi, kikaishia njiani, wachezaji wakakitafuta wakakikuta huko kama miaka nuru 22,000 toka nyumbani, na baadaye mji mzima ukaota. d hiyo. Ukizoea hii utaanza kusoma orodha ya nyota kama unavyosoma kibao cha daladala, Gongo la Mboto unajua hii sio yangu, huhitaji kumuuliza konda.

La tatu nalipa uzito kuliko yote mawili, unapita wapi. Umesema jina lako limekaa kwenye vibarafu tu. Sababu yake sio bahati mbaya, sababu ni kwamba uko barabara kuu. Toka nyumbani kwenda Sagittarius A* ndo njia iliyokanyagwa kuliko zote toka gemu itoke Desemba 2014, kila mtu akinunua meli yake ya kwanza ya masafa anakwenda huko huko. Walikupita watu wenye haraka, wakachukua yale mazuri ya karibu na nyota, wakakuachia barafu za mwisho kule. We unaokota masalia. Dawa yake rahisi, usilenge Sagittarius A* moja kwa moja. Toka pembeni miaka nuru elfu moja hivi, au panda juu ya bapa la galaksi, au shuka chini mia tano mia sita, halafu ndo uende sambamba na barabara. Na ukipanga ruti, usilenge nyota yenye jina maarufu au nebula, maana kila aliyetangulia aliilenga hiyo hiyo na kompyuta ikampitisha kwenye nyota zile zile. Sogeza ramani, chagua nyota yoyote isiyo na maana, lenga hiyo. Unaongeza labda jampu 30 kwenye safari nzima ila ghafla unaanza kukuta mifumo ambayo hakuna jina la mtu.

Kujua kama umetanguliwa ni sekunde tatu. Ukifika fungua ramani ya mfumo, gusa nyota kuu, soma kama kuna jina la aliyegundua. Kuna jina? Basi mi hapo piga honi (skana ya kwanza), chota mafuta, angalia kama kuna lulu, ondoka. Hakuna jina? Punguza spidi.

Sasa umefika. Hapa ndo dakika zako 21 zinapotelea, tuzirudishe.

Honi (we unaiitaje? sisi tunaita honi, ile skana ya kwanza inayolia buuu) usiipige baada ya kutulia. Shikilia kitufe ukiwa bado unatoka kwenye jampu, ikifika inalia yenyewe huku we unakata kona kukwepa nyota. Halafu sogea karibu na nyota mpaka skupu ianze kuchota, shusha mwendo mpaka chini kabisa, fungua FSS hapo hapo. Mafuta yanaingia huku unaskani. Watu wengi wanafanya hivyo viwili kwa zamu, kimoja kikiisha ndo kingine, wanapoteza dakika nzima kila mfumo, zidisha mara 650 uone. Jicho moja tu liwe kwenye joto, ukianza kuiva toka.

Ndani ya FSS usianze kuvuta lenzi kwenye kila nukta. Angalia ule mstari wa chini wenye mawimbi. Kila aina ya gimba ina sehemu yake kwenye ule mstari, majitu ya gesi yamekaa upande wa kulia, mawe na mabarafu wana kipande chao, na zile tatu za dhahabu (sayari mithili ya Dunia, sayari za maji na sayari za amonia) nao wana kipande chao. Ukienda mifumo kama ishirini huku unaangalia mstari kwanza ndo ufungue, jicho linazoea, utakuwa unajua kuna nini kabla hujagusa kitu. Mi siku hizi sekunde kumi zinatosha: naangalia mstari, kipande cha dhahabu kitupu, kipande cha sayari za metali nyingi kina mbili tatu, nazifungua hizo tatu, narudi barabarani. Magimba 40 mengine namwachia atakayekuja. Vaa na hedifoni, maana sayari zina sauti zao, na kuna sauti ukishaisikia mara moja huisahau.

Kwa nini naacha barafu kiroho safi? Kipande cha barafu kinalipa kama krediti 500, hela ya gemu. Mia tano, mdogo wangu. Jiwe la kawaida nalo hivyo hivyo. Sayari ya maji inayofaa kutengenezwa inalipa kama 268,000 kwa kuiskani tu ukiwa umekaa kwenye nyota, hujaifuata. Maana yake sayari moja ya maji ni sawa na barafu zaidi ya mia tano. Ukiifuata ukaipiga probu zako, vile vidude vya kuchorea ramani, ikaramanika yote, inavuka milioni 1, na ukiwa we ndo wa kwanza kuigundua na wa kwanza kuiramani inakwenda kwenye milioni 3. Mithili ya Dunia ni hivyo hivyo, zinalingana karibu sana. Amonia ni kama nusu yake ila bado hela. Na ile ya metali nyingi inayofaa kutengenezwa, ambayo watu wanaidharau kwa sababu ukiitazama ni kama tofali, inalipa kama 164,000 kwa skani tu na ndo utakazokutana nazo nyingi kuliko hizo nyingine. Hizo ndo mkate wa kila siku, sayari mithili ya Dunia ni pilau la Idi.

Halafu kuna kosa lingine la wanaojifunza kuchagua, wanachagua vizuri kwenye skani wanaharibu kwenye kufuata. Wanaona sayari ya maji, wanaikimbilia, kumbe iko sekunde nuru 180,000 toka walipo, dakika zinaenda wameshika usukani wanatazama giza. Kuna kituo kule Alpha Centauri kinaitwa Hutton Orbital, kiko mwaka nuru 0.22 toka nyota kuu, kwa injini ya kawaida ni zaidi ya saa nzima unaendesha tu, wachezaji wameugeuza utani wa gemu nzima. Usijitengenezee Hutton yako kila usiku. Sheria yangu: sayari ya kutengenezwa naifuata ikiwa ndani ya sekunde nuru 3,000, mithili ya Dunia hata 20,000 naenda kwa sababu ya moyo tu, zaidi ya hapo naiskani kwa mbali nasepa. Na ukipiga probu angalia ile namba ya lengo, ukimaliza kwa probu chache kuliko lengo au sawa nayo unapata nyongeza, kwa hiyo zilenge zizunguke upande wa nyuma, usizimwage kama mchele. (Hiyo sayari mithili ya Dunia huwezi kutua lakini, nakwambia mapema usije ukaumia roho kama mimi, nilishavaa suti kabisa.)

Ukiweka hivyo vyote pamoja, mfumo wa kawaida unakula dakika mbili, mfumo wenye kitu unakula saba nane au kumi. Wastani wangu ni jampu 30 kwa masaa mawili. Hizo 650 zako zinageuka usiku 22 hivi, tuseme mwezi mmoja na siku za harusi humo.

Ila sasa nisikudanganye, hii yote ni kama unataka hela na jina. Na hapa ndo nataka ukae chini ujiulize, maana umeniandikia vitu vitatu kwa pamoja, hela, jina, na "naogopa kupitwa", na haviendi pamoja. Anayetaka hela tupu wala hahitaji kugundua, aende tovuti ya Spansh apangiwe ruti ya sayari zenye thamani ambazo watu wameshaziripoti, unaokota tu, jina lako halikai popote ila pochi inanenepa. Anayetaka jina lake likae kwenye kitu cha maana atoke barabarani kama nilivyosema. Na anayetaka macho, kuona vitu, huyo sheria zangu zote azigeuze, aache F aende kwenye nyutroni na mashimo meusi, aangalie nyota mbili zinazogusana, miezi iliyo ndani ya pete, majitu ya gesi ya kijani yanayong'aa ambayo ni adimu kweli. Usiku mmoja chagua kimoja. Mi Jumatatu mpaka Alhamisi ni wa hela, Ijumaa usiku ni wa macho, hiyo siku naweza kukaa mfumo mmoja saa nzima na sihesabu.

Kuna na upande wa mimea, hujauliza ila uko kwenye kompyuta basi unaweza (wa pleisteshen na Xbox Odyssey haikuwafika, mwaka 2022 walitangaziwa haiji). Kama unayo Odyssey, ile nyongeza ya gemu ya kushuka kwenye meli na kutembea, kuna hela huko inayofanya sayari ya maji ionekane chenji ya daladala. Lakini huko ndo kuchagua kunahitajika zaidi maana kutua na kutembea kunakula muda kuliko kitu chochote. FSS itakuonyesha sayari ina alama ngapi za kibayolojia. Alama moja, mara nyingi ni bakteria, inalipa kama milioni 1 na kuitafuta gizani ni adhabu, mi napita. Nasimama nikiona alama tatu kwenda juu, au nikiona sayari ya metali nyingi yenye angahewa nyepesi na joto lake limevuka kelvini 165, kwa sababu hapo kuna nafasi ya mmea unaoitwa Stratum Tectonicas. Hiyo moja inalipa 19,010,800, na ukiwa wa kwanza kuisajili inazidishwa mara tano jumla, piga hesabu mwenyewe, ni milioni 95. Unachukua sampuli tatu, kila moja mita 500 toka kwa mwenzake, dakika kumi na tano kazi imeisha kama ardhi sio ya milima. Ukipata mbili za hizo safari yako imeshalipa kuliko wiki zote mbili ulizokagua barafu.

Kabla ya kutua angalia graviti. Nakuomba. Mwaka juzi nilikuwa na data ya wiki tano sijauza, nikaona sayari nzuri, nimechoka, saa nane usiku, sikuangalia namba, kumbe graviti yake ni zaidi ya mara 3 ya Dunia. Meli ikadondoka kama nazi. Na ngao nilikuwa nimeitoa ili meli iwe nyepesi nipate miaka nuru miwili zaidi ya jampu, ujanja wa kijinga ule. Meli ikaisha, data yote ikaisha nayo maana data isiyouzwa unakufa nayo. Nilizima laptopu nikatoka nje nikakaa barazani na mbu. Kwa hiyo ngao hata ndogo ya daraja D, usitoke bila ngao. Na usisubiri kurudi nyumbani ndo uuze, toka 2020 kuna meli kubwa za wachezaji zimeegeshwa kote kwenye galaksi, zinaitwa Deep Space Support Array, nyingine zina ofisi ya Universal Cartographics, wanunuzi wa data, ndani, utakatwa asilimia fulani ila utalala. Kwenye ruti yako panga usimame sehemu hizo mbili tatu. Hiyo nayo ni kuchagua.

Kuhusu nyutroni, washkaji zako watakushawishi, pita kwenye mkia wa nyota ya nyutroni jampu yako inazidishwa mara nne, 38 inakuwa 152, unafika Sagittarius A* wikiendi mbili. Kweli. Ila FSD, injini ya kurukia, inachubuka kila ukipita kwa hiyo beba kifaa cha kujirekebishia, na barabara ya nyutroni nayo ndo imekanyagwa kupita maelezo. Mi naitumia kuvuka sehemu iliyochoka tu: kama hizo 3,000 za karibu na nyumbani ambazo kila kitu kina jina, hapo ruka kwa nyutroni, ukishafika sehemu tulivu shuka, weka filta, anza kazi. Vibete vyeupe navyo vina mkia ila vinaongeza nusu tu na ukikosea vinakushika na kukuchoma, sio saizi yako bado.

Meli yako usibadilishe. Najua utaambiwa nunua Mandalay, ni kweli ile iliyokuja 2024 ni nzuri na inaruka mbali mara mbili yako, lakini Diamondback ni mgumu, haipati joto haraka ukichota mafuta, na injinia wa FSD akiishika inafika mbali. Ukitaka kitu kimoja cha kuongeza ni ile busta ya FSD ya Guardian, kwa meli yako inaongeza kama miaka nuru 9. Hiyo utaifuata ukirudi, sio saivi.

Umeniuliza nikirukaruka si nitaacha vitu vya maana. Utaacha. Galaksi ya hii gemu ina mifumo kama bilioni 400, hata ukikagua kila barafu kwenye mfumo ulionao, ule wa pembeni yake umeupita tayari, na ule wa chini yake, na ile elfu ya kushoto. Unapitwa saivi hivi unavyosoma hapa. Wenzako wanaokwambia wanakagua kila kitu nao wamepitwa, tofauti yao na mimi ni kwamba mi najua nimeacha barafu, wao hawajui wameacha nini kwenye mfumo ambao hawakupata muda wa kufika. Ukikuta mfumo mdogo, magimba saba nane, hakuna jina la mtu, maliza wote, dakika tatu, raha ya kuona jina lako mfumo mzima nayo ni raha. Mi sio polisi.

Usiku wa leo fanya hivi: usiendelee mbele. Fungua ramani, toka kwenye hiyo barabara kwa kupanda juu miaka nuru 600, filta ibaki F na G, tiki ya ruti iwepo, na weka saa ya simu dakika tatu kwa kila mfumo. Ikilia na huna cha dhahabu, jampu. Hesabu umefika mifumo mingapi kwa masaa mawili, na mingapi haikuwa na jina la mtu. Hizo namba mbili niandikie kesho, niko Aggrey dukani mpaka saa kumi na moja, baada ya hapo nipo kwenye mwendokasi nimeshikilia bomba siwezi kuchati.